Nyumba ya Magurudumu Uani Kwako

Mpendwa mkwe wangu, Baba Neema,

Barua hii sijaitia gundi. Anwani yako sina, na simu yako ikipigwa inasema maneno ya Kifaransa kisha inakata, kwa hiyo nimeamua iwe wazi. Aisome kila anayekwenda Uvira, huko kwenu Kongo, isomwe kanisani, isomwe sokoni, na hao wanaokusema hapa Edmonton, Uingereza, waisome pia wapate cha kutafuna. Mimi shule sikuiona, unajua. Utoto wangu uliishia kambi ya mkonge kule Tanga, mgongo umejaa miba. Anayeniandikia ni Mama Zawadi wa kwaya. Nimemwambia akipunguza neno langu hata moja, Mungu anamwona, na mimi pia namwona.

Unakumbuka nilivyokuja? Baridi ya uwanja wa ndege ilinishika magoti. Rehema mwanangu akanikumbatia mpaka kilemba kikadondoka, Neema akajificha nyuma ya mama yake, na wewe ulisimama kule nyuma kabisa umeshika toroli la mizigo. Mkono hukunipa. Macho hukunipa. "Karibu mama," ulisema, lakini uliyaambia magurudumu. Nikajisemea moyoni: huyu ana kitu. Mwanamume asiyeweza kumtazama mama mkwe wake ana kitu anachokificha, na mimi sikupanda ndege kuja kufichwa mambo.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akahama. Hata mzigo wangu sijaumaliza kuufungua, ukapata kazi ya usiku Hayes, kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, ukasema ni mbali, utakuwa unalala hukohuko. Jumamosi hulali nyumbani, Jumapili hulali nyumbani. Unakuja mchana, unambusu Neema kichwani, unakula umesimama jikoni kama mtu anayekimbiza gari moshi, na nikiingia mlango huu wewe unatokea ule. Nilikuwa nakuta sahani yako ingali moto.

Nilimuuliza Rehema. "Mumeo analala wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazini kuna vitanda?"

"Mama, kunywa chai."

Mwanangu akikwambia unywe chai, ujue na yeye hajui. Nikalinusa koti lako. Ndiyo, nililinusa, siku uliyolisahau kwenye msumari wa mlangoni. Halikuwa na manukato ya mwanamke. Lilinuka maboksi. Nikasema huyo mwanamke ni mjanja, hajipaki kitu.

Mwaka ukazunguka hivyo, halafu ukaanza kuchimba.

Baridi ilikuwa haijaisha vizuri, majani ya uani yana ukungu mweupe asubuhi, na wewe umevaa buti za mpira unabandua nyasi kama mtu anayekunja mkeka. Mimi nipo dirishani na chai yangu. Nikauliza kinachojengwa, Rehema akasema, "Bustani inatengenezwa, mama." Bustani! Mimi nimeona watu wakijenga maisha yangu yote, Baba Neema. Banda la majembe halichimbiwi hivyo. Ulichimba ukatoa udongo mweusi wote, ukafika kwenye ule wa mfinyanzi, wa manjano, unaonata kama ugali mbichi. Ukakata mizizi ya mti wa jirani. Ukaleta vipande vya matofali, ukavimwaga, ukakodi ile mashine inayorukaruka ukavishindilia mpaka vikombe vikacheza kabatini. Kamba nne, vigingi vinne, urefu wa kulala watu na upana wa kugeukia. Mtu anayeshindilia namna ile anatarajia kitu kizito, na kitu hicho kikae sana.

Nikafikiri mengi, na nitayataja yote kwa sababu huyafikiri mtu yeyote mwenye akili. Nilifikiri unamletea mwanangu mke mwenza, yule wa Hayes, akae hapohapo uani tusalimiane tukianika nguo. Nilifikiri kaburi, Mungu anisamehe, maana nilikuwa mzee pekee mle ndani. Basi nikamshika Neema, nikampa biskuti, nikamwambia, "Mjukuu wangu, baba yako anajenga nini?" Neema alinijibu kwa Kiingereza chake, kisha akaona sijaelewa, akachomoa picha kwenye droo ya jikoni. Nyumba ndefu ya bati, ya rangi ya maziwa, ina madirisha na mapazia. Chini ina magurudumu.

"Yako, Bibi," akasema.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Rehema kazi yake anatunza wazee wa Kizungu, wale ambao watoto wao wamewapeleka mahali wakawaacha na televisheni. Kila jioni alikuwa akinisimulia habari zao na machozi. Sasa nikaona nami nimepata ya kwangu, tena ya magurudumu. Nyumba ya magurudumu haijengwi mtu akae. Inajengwa ili siku akichosha afungwe kwenye lori akokotwe, na barabarani watu wasijue kuna mama wa mtu ndani.

Nilisubiri siku ya zege.

Ulikuwa umeshapigilia mbao za boksi pande zote, umetandika karatasi ya nailoni, umelaza wavu wa nondo juu ya vijiwe ili usiguse chini. Lile lori lenye tumbo linalozunguka likaingia kwa ile njia ya nyuma ya nyumba, dereva Mzungu mwenye shingo nyekundu akaanza kulisogeza huku anapiga honi. Mimi nikachukua kiti cha jikoni. Nikavuka mbao zako, nikakiweka katikati ya nondo, nikakaa, nikajifunika kanga juu ya koti.

"Haya mwageni," nikasema. "Mnimwage na mimi humu, gharama ya magurudumu muiokoe."

Rehema akatoka mbio na sare yake ya kazi. "Mama, jamani! Mama, watu wanatazama!"

"Waache watazame. Wao wanayo macho. Mumeo ndiye hana."

Na wewe, Baba Neema, ulisimama umeshika toroli la ujenzi. Lori linanguruma, zege linazunguka tumboni, dereva anapiga kelele, na wewe hukunitazama mimi, hukumtazama yeye. Uliinama ukalitazama lile toroli, ukaanza kulisemesha kwa upole kama mtoto mgonjwa.

"Weye toroli. Ambia mama atoke mu nondo. Beto itakauka mu lori." Beto kwenu ndiyo zege.

Neema akaangua kicheko. "Bibi! Baba anaongea na toroli!"

Nilidhani umerukwa na akili. Kisha nikaona unangoja jibu, na mtu mwendawazimu hangoji jibu. Nikasema haya, kama mjumbe ni toroli, na tumtumie toroli. "Wewe toroli," nikasema kwa sauti hata jirani akafungua dirisha, "mwambie huyo aliyekushika kwamba mimi siondoki hapa mpaka aniambie Hayes kuna nani."

"Toroli, ambia mama Hayes kuko Mzee Lukasi, mutu wa kwetu. Ana kitanda. Yeye anakilalia usiku, miye nakilalia muchana."

"Muulize kwake hakuna kitanda? Au kwake kuna chui?"

Dereva alikuwa ameshashuka. Kisha ukaliambia toroli, pole pole, kila neno kama unalitoa kwenye matope:

"Kwake kuko mama-mukwe. Toroli, ambia mama, kwetu milimani mutu hawezi kulala chini ya paa moja na mama aliyemuzaa muke wake. Hawezi kuona kitanda chake. Hawezi kula mbele yake. Ni heshima, haiko chuki. Nikisema, mama atazani namufukuza, atarudia Tanga, na Neema anamupenda. Njo maana nilinyamaza. Njo maana najenga. Awe na paa yake, na miye nirudie mu yangu."

Rehema alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Mwaka mzima, Baba Neema? Mwaka mzima Hayes, ni hilo tu?"

Yeye ulimtazama. Yeye ulikuwa na macho ya kumtazama. "Ni hilo tu, Mama Neema."

Nikamwona mwanangu anashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Ndipo nikajua kwamba kile nilichokuwa nakifikiri mimi kwa mdomo, yeye alikuwa anakifikiri kimya, kila siku, akitunza mama za watu.

Mimi sikukuamini, nakwambia wazi. Kambi ya mkonge tuliishi nyumba za mstari, chumba kimoja kina mkwe na mama mkwe na kuku, kati yetu gunia limening'inizwa. Kulikuwa na watu wa kila kabila pale, na mila zao ziliwekwa nje kwa sababu ndani hamkuwa na nafasi. Ningejuaje? Niliinuka kwenye kile kiti kwa sababu moja tu: yule dereva alianza kukutukana. Na kukutukana wewe ni kazi yangu, sijamwajiri mtu. "Toroli," nikasema, "mwambie amwage."

Zege likamwagwa. Mlilisawazisha kwa ubao mrefu, wewe huku, Mzee Lukasi wa Hayes, aliyekuja kukusaidia, kule, mnavuta mnarudisha, ukaliinamisha kidogo upande wa uzio ili maji yasituame. Jioni redio ikasema kutaganda. Nikiwa dirishani nikakuona unatoka na mablanketi ya kitanda chako mwenyewe, Rehema anakufuata, "Baba Neema, siyo lile la manyoya!" na wewe unayatandika juu ya zege, unayachomeka pembeni, unayakandamiza na matofali. Kitu kirefu kimelala uani, kimefunikwa. Nikasema mkwe gani huyu, sakafu anaifunika, mama yake mkwe anatetemeka.

Asubuhi kabla hawajaamka wengine nikatoka na kandambili na soksi. Nikainua pembe ya blanketi, nikaingiza mkono. Zege lilikuwa na joto. Pembeni nyasi zote nyeupe, maji ya ndoo yameshika barafu, na lile zege lina joto kama mtoto aliyelala na homa ndogo. Sikukuambia. Nilirudisha blanketi vizuri, nikalichomeka. Lakini niliendelea kukushuku, maana joto la zege si ushahidi.

Nyumba ikaja imekokotwa, mtumba kutoka pwani ya hukuhuku Uingereza, inanuka mbwa wa watu. Mkaiinua kwa jeki, mkaipanga juu ya matofali, pima maji huku, pima maji kule. Magurudumu hukuyatoa. Nikauliza toroli kwa nini, toroli likajibu kwamba watu wa kaunsili, ndiyo halmashauri ya huku, wanataka iwe kitu cha kuweza kuondoka, ikishakuwa haiondoki ni kosa. Nikasema nilijua tu. Kisha ukaanza kuifunga kwa minyororo kwenye zile pete ulizozizika kwenye zege.

"Toroli," nikasema, "nyumba inafungwa kama mbwa mkali. Itatoroka na mimi?"

"Ambia mama ni juu ya upepo."

Tena mlango ukaugeuza ukatazama uzio, mgongo wa nyumba ndio ukatazama jiko lenu. Nikasema hapa ndipo nilipokukamata. Hataki nione kinachoingia na kinachotoka kwake. Nikahamia mle na blanketi lile la manyoya, lina madoa ya zege mpaka leo, nikalala jicho moja wazi.

Kulipokucha, siku ya Jumapili, nikaingia jikoni kwenu kuchemsha chai. Nyumba ilikuwa inakoroma.

Nilisimama na birika mkononi. Mkoromo unatoka juu, unateremka ngazi, mzito, wa mtu anayelipa deni la usingizi wa mwaka. Mkoromo ule sikuwa nimeusikia tangu nije Uingereza. Neema alikuwa amekaa ngazini na gauni lake la kulalia, kidole mdomoni, ananiambia "Sshh, Bibi, Baba amelala nyumbani." Nikazima birika kabla halijapiga mluzi. Nikarudi kwangu uani bila chai, nikaketi kitandani kwangu, ambacho jicho lako halikifikii kwa sababu mlango umegeukia uzio. Hapo ndipo nilipokuamini. Si kwa maneno yako na toroli lako. Kwa ule mkoromo.

Tumeishi vizuri, mkwe wangu. Tumegombana vizuri pia. Toroli lilipotoboka kutu ukahamia kwenye ufagio. Krismasi moja tulisemezana kupitia sufuria ya pilau, wewe upande wa jikoni na mimi upande wa uani, Neema akacheka mpaka akalazimika kukaa chini. Uliniambia kupitia sufuria kwamba pilau yangu ina chumvi, nikakwambia kupitia sufuria hiyohiyo kwamba kwenu milimani hamjui ladha, mnajua heshima tu.

Kisha mama yako akaugua, kule vita havijatulia vizuri, na ukasema lazima uende. Siku ya kuaga hukuingia kwangu. Nilikusikia uko nje, chini ya dirisha, unakaza mnyororo. Ukausemesha.

"Weye munyororo. Chunga mama mpaka nirudie."

Nilitaka kukujibu. Nilikuwa nimeshika kanga mdomoni.

Mwanzoni ulipiga simu. Mama yako mmemzika, tukalia wote, pole yetu ulipata. Ukasema njia imefungwa, unasubiri. Kisha simu ikaanza kusema Kifaransa. Baridi imekuja imekwenda, imekuja tena. Neema amekuwa mrefu, anafunga nywele zake mwenyewe. Watu wameanza. Mmoja anasema umeoa huko, una mtoto tayari. Mwingine anasema umekufa, tena anasema akiwa ameshika kikombe changu. Hao kwanza nimewafukuza kwenye zege langu.

Lakini Rehema siwezi kumfukuza. Nilimkuta juzi kwenye ngazi na koti lako, amelileta usoni.

"Linanuka nini?" nikamuuliza.

Akashtuka. "Hakuna kitu, mama."

"Linanuka maboksi," nikamwambia. "Mimi nililinusa kabla yako."

Akalia. Kisha akasema maneno yaliyonifanya nimwite Mama Zawadi aje na kalamu. "Mama, ingia ndani. Chumba kipo. Kule unyevu unapanda, sakafu imelegea, mlango haufungi. Nimepata mtu wa kuja kuikokota na kuvunja zege, tupande nyasi. Yeye hayupo. Unalala nje kwa mila ya mtu ambaye hayupo."

Nikamwambia, "Rehema, siku nikilala ndani ya nyumba hii, umemzika mumeo. Maana kaburi lake halitakuwa jingine. Litakuwa kitanda changu chini ya paa lake."

Akasema, "Mama, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kumshuku."

"Ndiyo. Kwa hiyo kazi hiyo naijua. Naijua mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa ni mtu anakoroma juu."

Yule mwenye lori la kukokota akaja hata hivyo, na nyundo yake kubwa. Mimi nikatoa kiti cha jikoni, kilekile, mguu mmoja una bandeji. Nikakiweka mbele ya mnyororo, nikakaa. Alinisemesha Kiingereza, nikamsemesha Kitanga. Akamtazama Rehema. Rehema akanitazama mimi, akatazama zege, kisha akaingia ndani, nikadhani amekasirika. Akarudi na kiti cha pili. Yule bwana akaondoka na nyundo yake.

Sasa nisikilize. Leo nimekusemesha ana kwa ana, bila toroli wala ufagio, kwa sababu uko mbali na karatasi haina macho. Usizoee. Ukirudi tutatafuta kitu cha kusemea.

Na usidhani nimeacha kushuku. Nashuku umekonda. Nashuku huna nauli na unaona aibu kusema, kama ulivyoona aibu ile ya Hayes. Nashuku unalala kwenye kitanda cha mtu kwa zamu. Nashuku umekaa mahali unafikiri tumekuhukumu, na umenyamaza kama ulivyonyamaza mwaka ule, kumbe umeshachimba msingi.

Zege lako halina ufa. Mnyororo umekazwa, nimemwonyesha Neema namna, naye anaukaza kila upepo unapovuma. Mlango bado unatazama uzio. Chumba cha juu kina kitanda chako, upande wako umetandikwa.

Nyumba yako haina mama mkwe ndani, Baba Neema. Njoo ulale.

Ni mimi mkweo,
mama yake Rehema, wa nyumba ya uani.